Mtoto akileta kitabu kinene cha katuni, kaa naye kabla hujamnyang'anya

Saa mbili na nusu usiku mageti ya maduka ya Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, yanakuwa yameshushwa. Machinga wanakunja maturubai, wabeba mizigo wanatafuta sahani ya wali, na wenye maduka wanarudi kwao. Usiku mmoja wa Alhamisi baba mmoja anayeuza mabegi ya shule kwa jumla alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, nyumbani kwake, akamkuta mkewe amesimama katikati ya sebule na kitabu mkononi.

"Baba watoto, njoo uone anachosoma mwanao."

Kilikuwa kitabu kinene, kizito kama kamusi, karatasi zinang'aa, picha tupu kuanzia jalada hadi jalada. Wanaume wenye misuli kama wabeba magunia, wanawake waliovaa nguo za kubana, bunduki kubwa kuliko anayeibeba, na mtu anayerusha miale ya moto kwa macho. Mwenye kitabu, kijana wa miaka 13 aliye darasa la saba, alikuwa ameinamisha kichwa. Aliletewa na shangazi yake anayeishi Muscat, aliyekuja likizo na boksi la vitabu vilivyokwisha kutumika.

"Mtihani uko mlangoni," mama alisema. "Badala ya kufanya hesabu, anaangalia watu wanapigana. Na hebu tazama walivyovaa hawa."

Baba alikuwa amechoka. Jibu rahisi lilikuwa kukichukua kitabu, kukitupia juu ya kabati na kwenda kuoga. Wazazi wengi wangefanya hivyo, na hakuna ambaye angewalaumu. Lakini alikifungua, akaona kwenye maandishi madogo ya mwanzo kwamba visa vilivyomo vilitoka mara ya kwanza mwaka 1992. Mwaka huo yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa shule ya msingi pale Ilala, na yeye pia alikuwa akificha katuni chini ya daftari la hesabu.

"Kesho," alimwambia mwanawe, "utanionyesha kinahusu nini."

Kitabu hiki ni kitu gani

Mzazi anayekutana na kitabu cha namna hii kwa mara ya kwanza anastahili maelezo, kwa sababu watoto wengi wa mjini wameshawaona mashujaa hawa kwenye filamu, kwenye fulana za Mtaa wa Kongo na kwenye mabegi yale yale yanayouzwa kwa jumla Narung'ombe.

Nchini Marekani katuni za mashujaa huanza kama magazeti membamba ya kila mwezi, kurasa ishirini na kitu zilizobanwa kwa pini. Kisa kikiisha na kikapendwa, mchapishaji huyakusanya matoleo yote ya kisa hicho na kuyaunganisha kuwa kitabu kimoja. Ndiyo maana kitabu ni kinene. Hicho cha kijana kilikusanya mkasa wa kundi la X-Men uitwao X-Cutioner's Song, uliotoka mwishoni mwa 1992 na mwanzoni mwa 1993.

X-Men walibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963. Ni vijana waliozaliwa na uwezo usio wa kawaida, jamii inawaogopa, na mwalimu mmoja, Profesa Xavier, anawapa makao na shule. Mwaka 1975 kundi liliongezewa watu kutoka nchi mbalimbali, akiwamo Storm, mwanamke anayeamuru mvua na radi. Waandishi walimpa mama Mkenya, na katika toleo hilo la 1975 Profesa Xavier anamfuata Kenya kumwomba ajiunge nao. Miaka ya 1990 Storm ndiye aliyekuwa kiongozi wa kimojawapo cha vikosi viwili vya X-Men. Kwa hiyo mtoto wa Kariakoo anayefungua kitabu hiki anamkuta humo mwanamke mwenye asili ya pande zetu akitoa amri, na wanaume wanatii.

Umaarufu wao ulifika kileleni mwaka 1991. Toleo la kwanza la gazeti jipya la X-Men liliagizwa na maduka kwa nakala zaidi ya milioni 8, na likaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness.

Mguu wa kushoto duka hili, wa kulia duka lile

Wakati huo X-Men walikuwa wamegawanyika katika makundi, na kila kundi lilikuwa na gazeti lake. Kampuni ya Marvel ikaona mwanya. Badala ya kila gazeti kusimulia kisa chake, makundi yote yakakutanishwa katika mkasa mmoja. X-Cutioner's Song ilikuwa na sehemu 12 zilizogawanywa katika magazeti manne. Sehemu ya kwanza ilikuwa gazeti hili, ya pili gazeti lile, ya tatu jingine. Mtoto aliyekuwa akinunua gazeti la X-Force peke yake alipata sehemu ya 4, ya 8 na ya 12. Zilizobaki tisa zilikuwa kwa jirani.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anaielewa biashara hii bila kufundishwa. Ni kuuza jozi ya viatu, mguu wa kushoto duka hili na wa kulia duka lile, maduka yote yakiwa ya mtu mmoja.

Mtindo huo ulitawala miaka yote ya 1990. Mwaka 1995, kwa miezi minne, magazeti ya X-Men yalibadilishwa majina na kusimulia dunia nyingine ambamo Xavier aliuawa angali kijana. Mkasa huo ulijulikana kama Age of Apocalypse. Mwaka 1996 Marvel na mshindani wake DC waliwakutanisha mashujaa wao, na mapambano matano yakaamuliwa kwa kura za wasomaji. Mwaka huo huo, mwezi Desemba, Marvel iliomba kinga ya mahakama baada ya kuelemewa na madeni. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini mojawapo ilikuwa kwamba watu wengi walikuwa wakinunua magazeti hayo ili wayafungie kabatini wakisubiri bei ipande. Bei haikupanda, kwa sababu kila mtu alikuwa na nakala.

Kilichookoa visa vyenyewe ni mikusanyo. Mtu aliyekosa sehemu tisa mwaka 1993 anaweza leo kuzisoma zote kwa mpangilio, na anaweza kumpa mwanawe kitabu kile kile alichokisoma akiwa mtoto. Hata visa vya pamoja vya Marvel na DC, ambavyo vingi vilikaa miaka bila kuchapwa upya kwa kuwa vina wenyewe wawili, vilikusanywa katika juzuu nene mwaka 2024.

Za kwetu ziliishia kwenye karanga

Usiku wa Ijumaa baba alikaa na mwanawe kwenye mkeka. Kabla ya kufungua kitabu alimweleza kuhusu gazeti la Sani.

Sani lilianzishwa na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, na jina lake limetokana na herufi za mwanzo za majina ya wawili hao. Katika miaka ya 1980 na 1990 lilipita mkono kwa mkono Dar es Salaam yote. Humo walikaa Kipepe, Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi na Madenge. Hawakuwa na nguvu za ajabu. Nguvu yao ilikuwa kudandia mambo, kudanganya, kupenda na kuumbuka, kama watu wa mtaani wanavyoishi. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji waliolipa gazeti hilo sura yake, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na wachoraji wengine wakaendelea kuwachora wahusika aliowaacha.

Hata Sani halikuwa la kwanza. Kabla yake Christian Gregory alikuwa akimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Baadaye akaja Kingo wa James Gayo na panya mdogo wa Masoud Kipanya. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikwenda Nairobi mwaka 1992 kuchora katika gazeti la Nation. Filamu ya Titanic ya 1997 ilipovuma, Joshua Amandus Mtani alikichora kisa hicho kwa Kiswahili, ili anayekosa hela ya video akisome.

"Yako wapi hayo magazeti?" kijana aliuliza.

Baba alicheka, kisha akaacha kucheka. Yeye alikuwa na boksi zima. Mama yake mzazi, siku moja ya kufanya usafi, alilitoa boksi kwa muuza karanga wa jirani. Kipepe na Ndumilakuwili waliondoka Ilala wakiwa wamekunjwa kuwa vikoni, karanga ndani na chumvi juu. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina kisa kama hicho. Kisa kilichotoka kidogo kidogo kila toleo, kikiishia na neno "itaendelea", kisipokusanywa hupotea, na mtoto hana namna ya kujua baba yake alicheka nini alipokuwa na umri wake.

Swali lililoulizwa kwenye mkeka

Wakaanza kusoma. Kiingereza cha baba ni cha kuagizia mzigo kutoka Guangzhou, kwa hiyo kijana, anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, ndiye aliyesimulia. Pale alipokwama waliangalia picha na kukisia. Mama alikuwa akikunja nguo pembeni, akijifanya hasikilizi.

Mkasa wenyewe, ukiondoa bunduki, ni wa kifamilia. Profesa Xavier anapigwa risasi mbele ya umati. Cyclops, yule anayetoa miale machoni, anatekwa pamoja na mchumba wake Jean Grey. Anayewashikilia mateka anaitwa Stryfe. Hataki pesa wala ufalme. Anataka wakiri kwamba walimtupa akiwa mtoto mchanga.

Chimbuko lake liko katika toleo la 1991. Cyclops alikuwa na mtoto mchanga aliyeambukizwa ugonjwa usio na dawa. Akatokea mwanamke kutoka zama zijazo akasema huko kwao mtoto anaweza kupona, ila akienda hatarudi. Baba akakubali. Akamtoa mwanawe ili aishi. Katika X-Cutioner's Song msomaji anamwona mtu mzima amesimama mbele ya Cyclops kwa hasira ya miaka mingi, na hajui bado kama kweli huyo ndiye mtoto yule.

Kijana alifika ukurasa huo akanyamaza. Kisha akasema bila kuinua macho, "Baba, huyu alipelekwa mbali ili apone. Ila yeye anaona alitupwa."

Mama aliacha kukunja nguo.

Huyu kijana alilelewa na bibi yake mzaa mama, Korogwe, tangu akiwa na miaka miwili hadi tisa. Miaka hiyo baba yake alikuwa machinga wa soksi na mikanda Mtaa wa Msimbazi, na familia ilikuwa na chumba kimoja Buguruni. Kila masika maji yalikuwa yakiingia chumbani na mtoto alikuwa akikohoa usiku kucha. Bibi akasema nileteeni. Wazazi walikubaliana iwe kwa miezi sita. Ikawa miaka saba. Alipochukuliwa kuja Kariakoo alikuwa mtoto mtulivu, mwenye adabu, anayesema shikamoo na kula chakula chake. Wazazi wakahesabu kuwa mambo ni shwari. Hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini alikwenda, kwa sababu kila mtu alidhani anajua.

"Na wewe uliona hivyo?" baba aliuliza.

"Sijui. Nilikuwa mdogo." Akafunua ukurasa, akaurudisha. "Siku za sikukuu nilikuwa nakaa barabarani. Bibi aliniambia mtakuja."

Baba alieleza. Alieleza chumba, maji, kikohozi, na sikukuu mbili alizoshindwa kwenda kwa sababu mgambo walichukua bidhaa zake na hakubaki na nauli. Mama akaja akakaa kwenye mkeka, akaeleza upande wake, ambao hata mumewe hakuwa anaujua wote: kwamba alikuwa akipiga simu kwa jirani wa bibi akiomba amsikie mtoto akicheza nje, bila mtoto kuitwa, maana akiitwa atalia. Kijana hakulia wala hakukumbatia mtu. Alisema, "Kumbe." Kisha akauliza kama bibi naye ana upande wake.

Mama akamwambia, "Anao. Sikukuu hii tutakwenda akusimulie mwenyewe."

Kisa cha nyumbani nacho kina magazeti manne

Hapa ndipo kitabu kinene cha mashujaa kinapomfaa mzazi wa Dar es Salaam, awe anapenda katuni au hapendi. Mji huu umejaa watoto waliolelewa kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama mdogo, au waliopelekwa bweni wakiwa wadogo. Mara nyingi sababu zilikuwa nzuri, lakini mtoto hakuambiwa. Ana sehemu zake tatu kati ya kumi na mbili: siku aliyoachwa, sikukuu aliyosubiri, siku aliyochukuliwa. Sehemu nyingine ziko kwa baba, kwa mama na kwa bibi, na kila mmoja anadhani gazeti lake ndilo kisa chote. Zisipokusanywa, mtoto atazijaza mwenyewe, na atazijaza vibaya kuliko ukweli ulivyokuwa.

Mkusanyo haumalizi kila kitu pia. Ni katika matoleo ya baadaye, yasiyomo ndani ya kitabu hicho, ndipo wasomaji walipojulishwa kuwa Stryfe alikuwa nakala tu na mtoto halisi wa Cyclops alikuwa shujaa mwingine, Cable, aliyekuwa akipigana upande wa baba yake muda wote. Mazungumzo ya usiku mmoja nayo hayamalizi miaka saba. Yanafungua tu ukurasa.

Mambo ya kuzingatia kabla ya kumwachia mtoto

Hofu ya mama wa Kariakoo haikuwa ya bure. Katuni za miaka ya 1990 zina mapigano mengi, silaha na wanawake waliochorwa kwa kubana mno. Vitabu vingi vina alama ya umri nyuma ya jalada, lakini alama haitoshi. Mzazi akipitie kitabu kwanza, hata kwa dakika 20 tu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 10 mikusanyo mingi ya aina hii haifai. Kwa wa miaka 12 na kuendelea, mazungumzo yanafaa kuliko marufuku. Mavazi yale yanaweza kuwa swali zuri: nani alichora hivi, na kwa nini Storm anaongoza kikosi lakini bado amechorwa hivyo?

Pili, angalia namba ya juzuu. Watoto hukatishwa tamaa na kitabu kinachoanzia katikati. Kabla ya kununua cha mtumba kwenye meza za vitabu za Mtaa wa Samora, fungua mwanzo uone kama mkasa ni kamili au ni juzuu ya pili ya tatu. Picha peke yake hazitoshi kuwa sababu ya kununua.

Tatu, mwache mtoto akusimulie kwa Kiswahili. Mtoto anayesoma Kiingereza na kukisimulia kwa Kiswahili sanifu anafanya mazoezi ya lugha mbili kwa mara moja. Muda wa katuni uwe baada ya masomo, na ujulikane. Yule kijana amepewa nusu saa baada ya hesabu, na mama ndiye mwenye saa.

Nne, si lazima kununua. Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa mwaka 1967 iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na kutoka Kariakoo mtu anaweza kwenda kwa miguu akipitia Mnazi Mmoja. Jumamosi moja ya kumpeleka mtoto huko haigharimu kama simu mpya.

Tano, chochote cha kwetu kilichobaki kitunzwe. Mwenye nakala za zamani za Sani au Kingo uvunguni asizitoe kwa muuza karanga. Mitaa ya Kariakoo ina maduka mengi ya stesheni yanayobana karatasi kwa ringi. Nakala kumi zikibanwa pamoja kwa mpangilio wa tarehe, tayari huo ni mkusanyo, na mjukuu atausoma.

Yule baba hajapata nakala hata moja ya boksi lake. Alichofanya ni kumsimulia mwanawe visa vya Kipepe anavyovikumbuka, na kijana anavichora kwenye daftari kuukuu la hesabu, upande wa nyuma. Ukurasa wa kwanza una chumba cha Buguruni chenye maji hadi kwenye miguu ya kitanda, mtoto amelala juu ya beseni, na Kipepe anayachota maji kwa kopo. Mama aliuona wakati akikagua kama hesabu zimefanywa. Alisaini zile hesabu, akalifunga daftari, akalirudisha lilipokuwa.